Mtoto anakoroma na kamasi hazikauki? Mpeleke akapimwe masikio

Kama mwanao anakoroma usiku, analala mdomo wazi na kamasi hazimwishi, usiishie kumtibu mafua. Omba apimwe masikio, hata kama hajawahi kusema yanamuuma. Binti yangu hakulia sikio hata siku moja. Alikuwa anasogelea televisheni tu, na ukimwita kutoka jikoni anakujibu "eeh?"

Daktari wa masikio, pua na koo hapa Moshi alituchorea kwenye karatasi. Ndani ya pua kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinapiga mara 10 au zaidi kwa sekunde, vikisukuma ute kuelekea kooni, kama milimita 5 kwa dakika. Ute huo umebeba vumbi na vijidudu, nasi tunaumeza bila kujua. Nyuma kabisa ya pua, kwenye njia hiyo hiyo, ndipo zinapokaa nyama za puani. Kila mtoto anazo, na huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7. Zikizidi kukua, ute unakwama kama maji ya mfereji wa shambani uliozibwa na majani ya migomba. Vijidudu vinazaliana hapo hapo, na pembeni tu kuna tundu la mrija unaopeleka hewa nyuma ya ngoma ya sikio. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala. Ukiziba, maji mazito yanajaa sikioni, usikivu unashuka kimya kimya.

Sisi tuliambiwa tusubiri miezi mitatu, kwa sababu mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe. Yetu hayakukauka, akafanyiwa upasuaji, nyama zikatolewa. Siyo kila mtoto atafikia huko.

Wakati wa kusubiri, msafishe pua kwa maji ya chumvi ya duka la dawa, na afundishwe kupenga tundu moja moja, taratibu. Mtoe jikoni kwenye moshi wa kuni, na asivutiwe sigara karibu, maana moshi unavidhoofisha vile vinyweleo. Bibi akisema akatwe kimeo, kataa kwa heshima lakini kataa: kimeo hakihusiki kabisa na njia hii. Wala usimtie mafuta ya moto sikioni.

Na nenda shuleni ukaongee na mwalimu, akae dawati la mbele, aitwe akiwa anamtazama anayemwita.