Theluji ya kijivu, korongo mweupe pe: kosa liko wapi?

SWALI: Mwalimu, salaam. Februari nilikaa siku tatu Hokkaido, Japani, nikiwapiga picha korongo wale weupe wenye utosi mwekundu. Nimerudi na picha kama elfu mbili na moyo mzito. Nusu yake theluji imetoka kijivu kama majivu ya jikoni. Nyingine, hasa zile ambazo ndege anapaa mbele ya msitu, mwili wake ni mweupe pe, hauoni unyoya hata mmoja. Kamera ni ile ile, lenzi ni ile ile ya milimita 500. Niliweka kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde na tundu la lenzi f/8, nikapanga kwa mkono. Nataka kurudi msimu ujao. Nakosea wapi?

JIBU: Salaam, ndugu yangu. Umetaja kasi, umetaja tundu, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hukuitaja. Nashuku uliiacha kwenye otomatiki. Kama ndivyo, hukupanga kwa mkono hata kidogo, maana kamera ilibaki na mlango mmoja wa kuingilia, nayo ikautumia.

Kipima mwanga cha kamera hakijui theluji ni nini. Kila kinachokiona hukichukulia kuwa kina weupe wa kadiri, si cheusi wala si cheupe. Ukikielekeza kwenye uwanja uliofunikwa theluji, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, unapata majivu yako. Korongo huyo huyo akipaa na nyuma yake ukaja msitu mweusi, kinadhani giza limeingia, kinaongeza, na ndege anaungua, yaani anabaki mweupe mtupu bila unyoya. Makosa yako mawili yanaonekana kupingana, lakini mama yao ni mmoja.

Utaambiwa na wengi: ongeza fidia ya mwanga, ile nyongeza unayoiamuru kamera juu ya kipimo chake, +1 au +1.5, yaishe. Shauri hilo linafaa pale tu theluji inapojaza fremu. Ndege akishaingia upande wa msitu, ile +1.5 inarundikwa juu ya nyongeza ambayo kamera imeshaifanya yenyewe, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Jua linalomwangaza korongo halibadiliki kwa sababu nyuma yake pamebadilika. Kwa hiyo funga vyote vitatu: kasi, tundu na ISO. Asubuhi ya jua safi anzia 1/1600, f/8, ISO 400. Mawingu yakitanda, ISO ipande hadi 1600. Kisha washa lile onyo la kamera linalozifanya sehemu zilizoungua zimetemete, mpige korongo mmoja aliyesimama juani, ukuze picha hadi mgongo wake ujaze kioo cha nyuma ya kamera. Hapo ndipo pa kutazama, si theluji. Mgongo ukimeta, punguza theluthi ya stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu), piga tena, mpaka uone mistari myembamba ya manyoya. Theluji ya nyuma ikimeta hapa na pale, iache imete, hakuna atakayeinunua. Rudia kipimo hiki kila jua linapobadilika, basi.

Weusi wa shingo usikutie wasiwasi, utauinua baadaye kwenye faili la RAW, yaani picha ghafi ya kamera. Kwa njia, ule "mkia mweusi" wa korongo aliyesimama si mkia. Ni manyoya ya bawa yanayoufunika, na mkia wenyewe ni mweupe. Atakapopaa utauona, nao huungua upesi kama mgongo.

Alfajiri ni habari nyingine. Bila shaka ulifika daraja la Otowa, kijijini Tsurui, maana kila mtu hufika. Mto Setsuri pale haugandi kwa sababu unalishwa na maji ya chemchemi, na korongo hulala wamesimama kwenye maji ya kina kifupi. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, mvuke hupanda mtoni na kugandia matawi ya kando. Ndege hawatembei sana saa hiyo, kwa hiyo 1/2000 ni ubadhirifu. Weka kamera kwenye stendi, shuka hadi 1/250, ISO itapumua, haitalazimika kupanda sana. Fokasi itahangaika kwenye ukungu. Tumia nukta moja tu, uiweke pale weusi wa shingo unapokutana na weupe wa mwili. Ile rangi ya samawati ya kabla ya jua usiisafishe yote ukifika kwenye kompyuta. Ndiyo baridi yenyewe.

Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na kifua. Jioni, kabla ya kuingia nyumbani kwenye joto, ifunge kamera ndani ya begi na uiache humo kwa muda wa saa mbili hivi. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliingia nayo mkononi nikikimbilia chai. Umande ukatanda hadi ndani ya lenzi, na asubuhi iliyofuata nilikuwa mtazamaji tu. Na usipige picha kupitia dirisha la gari lenye hita: hewa ya moto ikikutana na ya baridi, picha hutetemeka kama lami ya mchana, nawe utailaumu lenzi bure.

Mashambani usiingie. Ndege hawa waliaminika wamekwisha Japani, hadi kundi dogo lilipoonekana kwenye kinamasi cha Kushiro mwaka 1924. Waliongezeka baada ya wenyeji kuanza kuwalisha mahindi wakati wa baridi, miaka ya 1950. Kaa kando ya barabara, upepo ukupige mgongoni. Korongo hupaa kwa kuukabili upepo, kwa hiyo watakuja upande wako. Ukiona mmoja amenyoosha shingo mbele, ameinama kidogo, na wenzake wanamwiga, ondoa jicho kwenye kioo cha nyuma ya kamera na uweke kidole kwenye kitufe cha shata. Una sekunde chache.