Mwili hauzoei dawa, bakteria ndiye anayebadilika: maswali yenu kuhusu usugu wa hospitalini

Maswali mengi yaliyoingia safari hii yanafanana: mgonjwa kalazwa, kachomwa sindano siku kadhaa, homa haishuki, kisha daktari anasema vimelea ni sugu. Nimejibu saba. Yale ya "ninunue dawa gani bila kupima" nimeyaacha, na wenyewe mnajua kwa nini.

Tangu utoto natumia amoksilini, sasa hainisaidii kabisa. Mwili wangu umeizoea? (Bodaboda, Morogoro)

Hapana, kaka. Mwili hauzoei antibaiotiki namna hiyo. Anayekuwa sugu ni bakteria. Ndiyo maana mtoto wa siku mbili, ambaye hajawahi kuonja dawa yoyote, anaweza kuugua kwa bakteria asiyesikia sindano. Halafu jiulize kama ulichokuwa unaumwa kilisababishwa na bakteria. Mafua na vikohozi vingi ni virusi, na virusi amoksilini haijawahi kuvigusa.

Habari za kazi, daktari. Mjukuu wangu alilazwa wodi ya watoto wachanga. Majibu ya damu yaliandikwa Klebsiella, ESBL. Amepona, namshukuru Mungu, ila nataka kujua ile ESBL ni kitu gani. (Bibi, Kigoma)

Shikamoo bibi, na pole kwa misukosuko. Klebsiella ndiye bakteria mwenyewe; ESBL ni jina la kundi la vimeng'enya (enzaimu). Penisilini, ampisilini, seftriaksoni na ndugu zao wote wana kiini kimoja, pete ndogo ya atomu nne iitwayo beta-laktamu. Pete hiyo huvinasa vimeng'enya ambavyo bakteria hutumia kujenga ukuta wake. Ukuta usipofungwa sawasawa, bakteria hupasuka. Sasa, bakteria mwenye ESBL hutoa kimeng'enya chake kinachoikata pete kabla dawa haijaanza kazi. Vimeng'enya vya zamani vilikata penisilini na jamaa zake wa karibu tu. Hivi vinakata hadi seftriaksoni, sindano inayokimbiliwa kwanza karibu kila wodi hapa kwetu.

Maabara tunamkamata hivi. Tunapaka bakteria kwenye sahani ya jeli, tunaweka juu yake viduara vya karatasi vyenye dawa, kisha tunaiacha usiku kucha kwenye joto la mwili. Dawa inapofanya kazi, bakteria hawaoti na panabaki duara safi. Karatasi ya seftazidimu tunaiweka jirani na ile yenye asidi ya klavulaniki, kitu kinachokiziba kimeng'enya. Asubuhi, kama ESBL ipo, duara la seftazidimu linakuwa limevutika upande wa klavulaniki tu na kuchukua umbo la tundu la ufunguo. Ukiliona mara moja hulisahau.

Jeni inayoongoza kwetu, na karibu dunia nzima, inaitwa CTX-M-15. Asili yake haiko kwa Klebsiella. Ukoo wake umetoka kwa bakteria wa mazingira aitwaye Kluyvera, ambaye ni nadra kumsumbua binadamu. Kipande cha vinasaba chenye tabia ya kuhama kiliing'oa jeni kutoka kwenye kromosomu yake, ikaishia kwenye plasmidi, kiduara cha vinasaba ambacho bakteria hupeana, na kutoka hapo ikasambaa.

Uzito wa jambo lenyewe ulionekana Muhimbili mapema. Watafiti waliofuatilia watoto waliolazwa pale mwaka 2001 na 2002 walikuta kwamba kati ya wale wenye bakteria wa kundi la Gram-hasi (ndimo alimo Klebsiella) kwenye damu, asilimia 43.5 walifariki. Kwa wenye malaria ilikuwa asilimia 20.2. Waliokuwa na ESBL hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Na hizo ni enzi ambazo homa yoyote ya mtoto iliitwa malaria. Kwa hiyo bibi, una haki ya kushukuru.

Tumefundishwa kwamba jeni hurithiwa kutoka kwa mzazi. Inakuwaje bakteria apate jeni kwa jirani? (Kidato cha sita, Songea)

Swali zuri, mwanangu. Bakteria hurithi kama wengine: seli moja inagawanyika, watoto wanabeba nakala. Lakini ana njia nyingine tatu. Anaweza kuokota vinasaba vya mwenzake aliyekufa. Anaweza kuletewa na virusi wanaoshambulia bakteria. Ya tatu ndiyo inayotutesa hospitalini, nayo ni plasmidi, duara dogo la vinasaba lililo nje ya kromosomu. Ukifika chuo utaijua desa: mmoja anayo, anatolewa nakala mwingine, na yule wa kwanza anabaki na yake. Plasmidi ndivyo inavyopita. Bakteria wawili wanaungana, uzi mmoja wa vinasaba unavuka, na kila upande unajaza uliopungua. Mwanzoni mwenye plasmidi alikuwa mmoja, sasa ni wawili, na si lazima wawe wa spishi moja.

Wajapani walilishuhudia hili miaka ya 1950. Bakteria wa kuhara damu, Shigella, walianza kuonekana wakiwa sugu kwa dawa nne kwa pamoja: salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Kwa mabadiliko ya bahati, moja baada ya jingine, isingewezekana kwa kasi ile. Ikagundulika kwamba usugu wote ulikuwa ukihama kama kifurushi kimoja, hata kati ya Shigella na E. koli ndani ya utumbo.

Hapo ndipo penye ubaya. Kifurushi kikiwa na jeni sita, dawa moja tu inatosha kuzilinda zote sita. Unaweza kumpa mgonjwa jentamaisini ukawa unamtunzia usugu wa seftriaksoni, kwa sababu jeni zinaishi nyumba moja.

Na wasiofanana kabisa nao hupeana. Mwaka 2002, jimbo la Michigan, Marekani, alipatikana mgonjwa mwenye Staphylococcus aureus, bakteria wa ngozini, sugu kabisa kwa dawa ya vankomaisini. Jeni, vanA, ilikuwa imetoka kwa Enterococcus, bakteria wa utumboni.

Kwa hiyo dawa ndizo zinazotengeneza usugu? (Mwalimu, Tanga)

Kwa kiasi kikubwa, hapana, mwalimu. Dawa inachagua. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha kwamba mabadiliko ya jeni hutokea yenyewe kabla bakteria hajakutana na adui. Wao walitumia virusi, na baadaye wengine wakaona hivyohivyo kwa dawa. Kimeng'enya cha kuharibu penisilini kilielezwa mwaka 1940, kabla penisilini haijaingia hospitalini. Na kwenye udongo ulioganda miaka 30,000 huko Yukon, Kanada, zimekutwa jeni za usugu. Haishangazi, maana antibaiotiki nyingi tumeziiba kwa viumbe wa udongoni, na hao wamekuwa wakipigana kwa silaha hizo tangu zamani sana. Tulichokifanya sisi ni kumwaga tani kwa tani za dawa kwa watu, kuku na nguruwe, mwenye jeni akabaki peke yake uwanjani.

Ni kweli kuna bakteria aliyepewa jina la hospitali ya Bugando? Ina maana ametengenezwa pale? (Msomaji, Mwanza)

Jina ni la kweli: Enterobacter bugandensis, alitambulishwa rasmi mwaka 2016. Alipatikana kwenye damu ya watoto wachanga waliougua Bugando, akiwa na ileile CTX-M-15. Kutengenezwa pale, hapana. Kupewa jina la mahali ni desturi tu, kama Ebola ulivyo mto na Zika msitu. Jamaa zake wamepatikana hadi kwenye kituo cha anga za juu cha kimataifa. Mimi naona jina lile ni sifa kwa Bugando, kwa maana walikuwa na maabara ya kuotesha damu na watu wa kuuliza "huyu ni nani?" Hospitali isiyootesha haipati bakteria mpya wala wa zamani, inapata vifo tu.

Ila hospitali yoyote, hata ya matajiri, humlea bakteria sugu. Dawa ni nyingi, wagonjwa ni dhaifu, na kuna mipira ya mkojo, kanula na mashine za kupumulia ambazo ni njia ya moja kwa moja kuingia mwilini. Mwaka 2011, hospitali ya utafiti ya taasisi za afya za taifa za Marekani, huko Bethesda, ilipata mgonjwa mmoja mwenye Klebsiella anayebeba jeni ya KPC, ile inayokata hadi dawa za akiba kama meropenemu. Alitengwa, akaruhusiwa. Wiki chache baadaye wengine wakaanza kukutwa na bakteria huyo. Pamoja naye wakafikia 18; 11 wakafariki, sita kati yao kwa sababu ya bakteria huyo. Kwa kusoma vinasaba vyote vya kila kimelea, herufi kwa herufi, watafiti waliona kwamba wote walitokana na yule wa mgonjwa wa kwanza. Bakteria huyo alikutwa kwenye matundu ya kutolea maji ya sinki, na kwenye mashine ya kupumulia iliyokuwa imeshasafishwa.

Tukiipumzisha dawa miaka kadhaa, itarudi kufanya kazi? Nasikia klorokwini ilirudi. (Mfamasia, Dodoma)

Umesikia sawa. Malawi waliacha klorokwini mwaka 1993, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha inatibu tena karibu kila mtoto aliyepewa. Lakini huyo ni kimelea wa malaria, hana plasmidi, na usugu ulikuwa unamgharimu. Kwa bakteria mambo ni magumu zaidi. Uingereza ilipunguza salfa kwa asilimia 97 hivi katika miaka ya 1990, lakini usugu wa E. koli kwa salfa haukushuka: asilimia 39.7 mwaka 1991, asilimia 46 mwaka 1999. Jeni ya salfa ilikuwa imepanda gari moja na jeni za dawa ambazo bado zilikuwa zinatumika. Tena plasmidi nyingine zina hila mbaya: zinatengeneza sumu pamoja na kiuasumu chake, na sumu hudumu kuliko kiuasumu. Bakteria akiitupa plasmidi, anakufa.

GeneXpert inatoa usugu wa TB ndani ya saa mbili. Kwa nini damu ya mtoto wangu ilichukua siku tatu? (Mama, Ilala)

Pole, mama. TB inarahisisha kazi: haina plasmidi za kupeana, na usugu wa rifampisini karibu wote unakaa kwenye kipande kifupi cha jeni moja, rpoB. Mashine inajua pa kuangalia. Kwa Klebsiella jeni zinazowezekana ni nyingi mno, na wakati mwingine usugu unatokana na mlango wa seli uliofungwa, si jeni mpya. Halafu kwenye damu ya mtoto bakteria huwa wachache, lazima kwanza waoteshwe. Zipo katriji za mashine hiyohiyo zinazotafuta jeni tano kuu za kukata dawa za jamii ya meropenemu, lakini nazo zimekusudiwa hasa bakteria aliyekwisha kuoteshwa au sampuli ya pamba iliyopanguswa njia ya haja kubwa, na bei yake si ya kila wodi.

Unachoweza kukifanya siku nyingine ni kuuliza mapema, kwa heshima tu, kama damu ya kuotesha imechukuliwa kabla ya sindano ya kwanza. Ikichukuliwa baada ya sindano, bakteria anaweza asiote kabisa, na hizo siku tatu zikaishia kwenye karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna kilichoonekana.