Mwanangu, kazi uiache, ila si wiki hii

Mafinga

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatutesa, na baba yako anakohoa ila anakula vizuri. Nimeona nikuandikie, maana juzi kwenye simu ulipoanza kulia nami nikalia, tukakata bila kuambiana la maana.

Umeniuliza, "Mama, niache kazi au nivumilie?" Umesema bosi wa hilo duka la vifaa vya ujenzi huko Mbeya anakukata mshahara kila mwezi kufidia shoti ya stoo, yaani mzigo unaopungua, na mwezi huu katika shilingi 280,000 umeambulia 170,000. Tena anakufokea mbele ya wateja, na mke wake anakutuma kumfuata mtoto shule. Jibu langu ni uache. Ila usiache wiki hii, na usiondoke kwa kumrushia funguo mezani kama unavyotaka.

Kufokewa kunauma, lakini kwa hilo peke yake nisingekushauri uache kazi. Wenye maduka wengi wanafoka, na huko uendako unaweza kumkuta mwenye mdomo kuliko huyu. Hilo la mtoto wa shule nalo ni kero tu. Nilichoshtuka ni pale uliposema yeye mwenyewe anakuja jioni na kirikuu, anapakia nondo na saruji za kwenye nyumba yake ya Uyole bila kuandika popote, halafu mwisho wa mwezi stoo ikihesabiwa na kupungua, unakatwa wewe. Huyo anajenga kwa mshahara wako. Bosi wa namna hiyo habadiliki kwa kuvumiliwa, maana uvumilivu wako ndio unaomlipia fundi.

Nilichuma chai Mufindi kabla hujazaliwa, unajua. Kulikuwa na karani wa mizani aliyekuwa anapunguza kilo kila jioni, eti majani yana maji na kapu lina uzito wake. Hata siku ya jua kali majani yalikuwa na maji! Tulinung'unika sana, tukimaliza tunarudi kambini kupika. Baadaye mwenzetu mmoja aliyesoma mpaka darasa la saba akaanza kuja na daftari na kalamu. Mizani ikitulia anasoma namba kwa sauti, anaandika tarehe na kilo, kisha anamwomba karani aangalie kama kaandika sawa. Hakugombana naye hata siku moja. Mimi na wengine wachache tukamwiga. Basi yule karani akaacha kutukata sisi wenye madaftari. Wasio nayo aliendelea nao vilevile, tena nadhani kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo kuanzia kesho uwe na daftari lako, likae kwenye mkoba wako, si dukani. Kila kitu anachochukua bosi andika: siku, saa, nondo ngapi za milimita ngapi, mifuko mingapi, nani alipakia. Hata misumari ukipima kwa kilo kutoka kwenye katoni, andika kilichopungua kwenye mizani. Na zile karatasi za mshahara ulizosema unazitupa, usizitupe tena.

Mjomba wako, si unajua alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kule kiwandani, nilimpigia. Kasema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkatazi mwajiri kukata fidia ya hasara, ila imemwekea masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Akueleze kwa maandishi imetokeaje, ni kiasi gani na kakipataje, na akupe nafasi ya kupinga. Na hata hayo yote yakitimia, makato hayazidi robo ya mshahara. Robo ya 280,000 ni 70,000. Wewe umekatwa 110,000 bila karatasi yoyote! Kasema uandike barua fupi ya kuomba maelezo ya makato hayo, bila matusi na bila kumtaja mkewe, na ubaki na nakala iliyosainiwa au kugongwa muhuri. Akikaa kimya, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapohapo Mbeya. Usichelewe, maana madai ya namna hii yana siku 60, na ya kuachishwa kazi isivyo halali ni siku 30 tu.

Halafu toa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, kwa maandishi. Ukiondoka bila notisi unampa sababu ya kushikilia hata hela yako iliyobaki.

Jambo linaloninyima usingizi ni stoo. Wewe ndiye mwenye funguo. Siku ukiacha kwenda, kila kilichopungua mle ndani, hata nondo zilizosimama kwenye nyumba yake, kitakuwa umeiba wewe, na Mwanjelwa nzima itasikia. Nani atakupa stoo nyingine baada ya hapo? Kwa hiyo hakikisha mnafanya makabidhiano. Mhesabu mzigo pamoja, mbele ya mtu wa tatu, mwandike kilichopo, msaini wote, uchukue nakala yako. Akikataa kuhesabu, mwandikie kwamba umeomba na siku uliyoomba. Mdai na cheti cha utumishi, ni haki yako. Na kabla ya yote pita NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, uangalie kama michango yako inafika, maana mtu wa tabia hii sidhani kama anakumbuka kuipeleka.

Huyo rafiki yako anayekwambia "acha tu, Mungu atafungua mlango" yeye mbona bado anaripoti kazini kila asubuhi? Msikilize, ila hesabu kwanza. Kodi umelipa hadi Desemba, hilo ni jema. Parachichi usizihesabu, miche ndiyo kwanza inashika, mpaka izae ni miaka. Kitanda chako hapa kipo, na biashara ya viazi naweza kukuanzishia kwa gunia chache, lakini ningependa zaidi ukitafute kibarua kingine huko wakati notisi inakwenda.

Mjomba anapita Mbeya Jumatano, anakwenda Tunduma. Atashuka stendi ya Kabwe saa nane akupigie. Uwe na karatasi, kalamu na mkataba wako wa kazi, muandike hiyo barua ya makato kabla hajaendelea na safari. Ukishapata nakala yenye muhuri, ipige picha unitumie.

Mimi mama yako