Kikao cha asubuhi: maswali matatu si lazima
Umeuliza kama kila mtu lazima ajibu maswali matatu kwenye kikao kifupi cha timu cha kila asubuhi. Hapana ndugu, yale maswali (jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakukwamisha) si sharti tena. Mwongozo wa Scrum (utaratibu wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi) wa waasisi wake, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, uliyaondoa katika toleo la Novemba 2020, na toleo la 2017 liliyataja kama mfano tu. Kilichobaki ni dakika 15, saa ileile na mahali palepale kila siku ya kazi, timu ikague kama inalikaribia lengo la sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi.

Sisi huku Masasi msimu wa korosho tunasimama kando ya mzani wa ghala na kuupitia ubao wa kazi, tukianza na mzigo uliokaribia kukamilika: umepimwa, unyevu umekaguliwa, stakabadhi bado. Imekwama kwa nani? Basi, tunasonga. Ukianza na mtu badala ya kazi, kila mmoja anajitetea kama kaitwa mbele ya mwenyekiti, muda unaisha. Ubishi mrefu wahusika wanabaki nao baada ya kikao.

Ila kama timu ni mpya kabisa, yatumieni kwanza hayo maswali. Yanawasaidia wakimya kupata pa kuanzia.