Waulize Wazee: KICC ilipangwa vile tangu mwanzo?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasomea usanifu wa majengo mwaka wa pili. Mwalimu alisema jumba la KICC (Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta) Nairobi halikukusudiwa kuwa la mikutano mikubwa. Ni kweli?
– Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako yuko sawa. Wazo la kwanza lilikuwa makao makuu ya chama cha KANU. Mchoraji alikuwa Mnorwe, Karl Henrik Nøstvik, akishirikiana na David Mutiso wetu. Kazi ilianza 1967. Kisha ikajulikana kuwa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha Duniani (IMF) watafanya mkutano wao wa mwaka Nairobi, Septemba 1973, na jengo likakua: mnara wa ghorofa 28, ukumbi mkuu, na lile jengo la zege lenye umbo la koni ambalo kila mtalii hulipiga picha.

Nilipanga viti mle ndani miaka ya themanini, kwa hiyo nikuambie kitu ambacho kwenye michoro hukioni upesi. Ukumbi umewekwa kando ya mnara, si ndani yake. Mkutano ukivunjika, maelfu ya watu hawagombanii lifti na makarani wanaokwenda ofisini. Wanamwagika moja kwa moja uwanjani. Siku ya mvua, hapo sasa, ni miavuli tu na kelele za madereva!

Ukija Nairobi, panda hadi juu kwenye helipadi, pale pa kutua helikopta, halafu uangalie chini watu wanavyoingia na kutoka. Beba daftari.