Maswali ya Wasomaji: Wakala wa Trekta, Stoo ya Spea na Namba ya Injini

Toleo lililopita tulishauri kwamba anayetaka kununua trekta akague stoo ya spea ya wakala kabla hajakagua rangi ya bonati. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko kurasa tulizonazo. Tumechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi.

Baba alinunua Massey Ferguson 135 Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anasema wakala alikuwa na gereji, stoo, na fundi aliyekuja na Land Rover mpaka shambani. Leo nikienda mjini nakuta ukumbi wa vioo, kijana mwenye tai na brosha. Katikati hapa kulitokea nini? — Msomaji, Karatu

Kuuza trekta na kulitunza zilikuwa kazi za mtu mmoja. Sasa ni za watu wawili, na kutengana huko kulichukua kama miaka arobaini.

Mawakala wa kwanza wa Afrika Mashariki, kama Gailey & Roberts walioanza Kenya mwaka 1904, waliwauzia walowezi na mashamba makubwa. Wateja walikuwa wachache, wenye fedha, na walikaa mbali, kwa hiyo bila fundi wa kuwafuata shambani mauzo yasingekuwepo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja Ferguson TE20, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakulima Waafrika wa mahindi kule Ismani, Iringa, na wa ngano huko kwenu Mbulu nao wakaanza kumiliki matrekta. Wakala akawafuata na huduma ileile.

Kilichomwezesha ni kwamba aina zilikuwa chache. MF 135 ilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975 ikiwa na injini ya Perkins AD3.152 ya silinda tatu. MF 35 ya silinda tatu iliyoitangulia ilikuwa na injini ya ukoo huohuo, na MF 240 iliyokuja baadaye ikaendelea nayo. Rafu moja ya ringi, gasketi na beringi za kranki ililisha matrekta ya vizazi vitatu. Mzee wa stoo hakuhitaji kompyuta. Alikuwa na kadi moja kwa kila spea, iliyoonyesha zimeingia ngapi, zimetoka ngapi na zimebaki ngapi, na alijua ikifika tano aagize.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 uagizaji mwingi nchini ukaingia mikononi mwa mashirika ya umma. Mwisho wa miaka ya 1970 fedha za kigeni zikaadimika, na hapo ndipo pigo kubwa lilipotua. Trekta jipya liliweza kuletwa kwa mkopo au msaada wa nje, lakini spea zilihitaji dola kila mwezi, na dola hazikuwepo. Ndiyo asili ya ule mtindo wa kuchuna: moja linawekwa juu ya mawe na kunyofolewa spea ili mengine mawili yaende shamba. Kibaha, kiwanda cha TRAMA kiliunganisha matrekta ya Valmet kutoka Finland katika miaka ya 1980. Chuma chake kilikuwa kizuri, tatizo likawa kilekile cha spea.

Soko lilipofunguliwa kuanzia 1986, enzi za Mzee Ruksa, yeyote mwenye mtaji wa kontena aliweza kuwa muuza trekta. Yakaja yaliyotumika kutoka Uingereza, yakaja mapya kutoka India na Pakistani. Mafundi waliofunzwa na mawakala wa zamani wakafungua gereji zao, na spea zikahamia maduka ya Gerezani na Kariakoo. Wakala wa leo hana uhaba wa kitu cha kuuza. Ana aina nyingi mno, na kila spea iliyolala rafuni ni fedha iliyolala, kwa hiyo anaweka filta na mikanda tu, mengine anaagiza Dar es Salaam au nje ukishalipa. Brosha haina kosa. Ila msimu wa kulima ni wiki chache, na spea inayochukua wiki tatu kufika imekula msimu mzima.

MF 135 yangu inavuja oili chini ya klachi. Fundi kasema ni sili ya nyuma ya kranki. Nimenunua sili ya mpira, trekta limefunguliwa katikati, sili haiingii. Duka linasema ndiyo yenyewe. Nani mkweli? — Msomaji, Babati

Inawezekana wote wawili. Injini za AD3.152 zilitoka na sili, yaani vizuizi vya oili, za aina mbili. Za awali zina sili ya kamba, vipande viwili vinavyokaa ndani ya nyumba ya chuma ya nusu mbili. Za baadaye zina sili ya mpira ya duara zima. Nyumba zake ni tofauti, kwa hiyo hata ukigonga vipi moja haiingii mahali pa nyingine.

Kwanza hakikisha ugonjwa wenyewe. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye pini ya kupasuka. Oili inayodondoka hapo ikiwa nyeusi, ni ya injini, na sili ya kranki inashukiwa. Ikiwa ya njano na nzito, inatoka gia boksi, na mkosaji ni sili ya shafti ya kuingilia. Wengi hubadilisha ya kwanza wakati iliyokufa ni ya pili, halafu wanafungua trekta mara mbili.

Kama yako ni ya kamba, nunua seti yenye kamba mbili na gasketi zake. Bonyeza kwanza ncha za kamba kwenye mfereji, kama sentimita mbili na nusu kila upande, ukiacha kila ncha ichomoze juu ya uso wa nyumba kwa milimita 0.25 hadi 0.50. Kisha bonyeza sehemu ya katikati na ilaze kwa kuviringisha chuma cha duara laini. Kosa la kawaida ni kukata ncha zilingane na uso wa chuma. Ukizikata hivyo, nusu mbili zikikutana hazibanani, na oili inapita palepale kwenye maungio. Upande unaogusa kranki upake grisi ya grafaiti, na kabla ya kukaza nati zungusha kranki kwa mkono ujue haijashikwa.

Na kwa kuwa trekta liko wazi, badilisha pia beringi ya klachi na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na ufundi wa kufungua tena. Klachi pleti ukainunue ukiwa na ya zamani mkononi: pima kipenyo na hesabu meno ya ndani, kwa sababu "klachi ya 135" si moja.

Hapa ndipo tofauti ya wakala wa zamani na kaunta ya leo inapoonekana. Zamani uliulizwa namba ya injini kabla ya kuulizwa shida, kisha mtu akafungua kitabu cha spea, na baadaye zile karatasi za filamu zilizosomwa kwa mashine yenye taa. Leo katalogi iko kwenye simu lakini anayeuza anauliza tu "trekta gani?" Nenda na namba mwenyewe. Ya trekta iko kwenye kibati, ya injini imegongwa kwenye bloku. Injini za Perkins za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 namba yake huanza na herufi mbili za familia ya injini. LD, kwa mfano, ni 4.236 ya silinda nne. Herufi inayokaa katikati ya tarakimu hutaja nchi, na U ni Uingereza. Usiridhike na kibati cha trekta peke yake. Lililofikisha nusu karne huenda injini yake ilishabadilishwa, na ikiwa ile ya Simpson ya India, iliyotokana na leseni ya Perkins, baadhi ya spea hazitaingiliana hata kama kwa macho ni mapacha.

Nataka trekta jipya la hp 75. Mawakala wawili, bei karibu sawa, wote wanasema wana "warranty". Niwaulize nini? — Msomaji, Mvomero

Usiulize kama spea zipo, maana jibu ni "zipo" siku zote. Omba zitolewe rafuni uzione: filta ya oili, ya dizeli na ya hewa, klachi kamili, pampu ya maji, sili za ekseli ya mbele, na seti ya sili za pampu ya haidroliki. Kwa kila kitakachokosekana, uliza kitatoka wapi na kwa siku ngapi, na majibu hayo yaandikwe kwenye proforma, ile hati ya bei unayopewa kabla ya kulipa.

Kisha uliza fundi yuko wapi na nani analipa safari yake. Dhamana nyingi hulipa spea na ufundi, mafuta ya gari unalipa wewe. Kutoka mjini mpaka shamba la kilomita 120 hiyo si hela ya kupuuza, na usipoiuliza mapema utaijua siku trekta limesimama.

Servisi ya kwanza ya trekta jipya kwa kawaida ni saa 50, ndipo oili ya injini inabeba chembe za chuma za mashine inayozoeana. Fanya hesabu. Plau ya diski tatu hukata upana wa mita moja hivi, na kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuka, utalima chini kidogo ya ekari moja kwa saa. Saa 50 ni kama ekari 40. Msimu ukiwa moto unazimaliza ndani ya wiki moja, wakati dereva hata kitabu cha trekta hajakifungua. Watu hupoteza dhamana hapo: servisi ya saa 50 inafanyika saa 140, wakala anasoma mita, mazungumzo yamekwisha. Panga tarehe ya fundi siku ileile ya kukabidhiwa.

Kingine kinachoua dhamana ni kukata ile sili ya waya, yaani lakiri ya kiwanda, kwenye pampu ya dizeli. Dereva akiikata ili "kuongeza nguvu," hata ugonjwa wa gia boksi utakataliwa.

Plau ya jirani haiingii kwenye trekta langu, pini nene mno. Je, nichonge matundu? — Msomaji, Mbozi

Usichonge. Mikono ya kunyanyulia zana ya trekta lako ni ya kategoria ya 1, plau ni ya 2. Kategoria ya 1 ina pini za chini za milimita 22 na ya juu 19. Ya 2 ina 28.6 kwa za chini na 25.4 kwa ya juu. Trekta dogo likiwa na mikono ya 1 na plau ikiwa ya 2, dalili ni kwamba plau yenyewe ni nzito kuliko trekta, na hata ukibadilisha pini litanyanyua pua. Kinyume chake hakina shida: zana ya 1 kwenye trekta la 2 inafungwa kwa bushi za kujazia, zinauzwa.

Zamani hili halikutokea kwa sababu wakala aliuza trekta na plau kwa pamoja. Sasa trekta linatoka kwa huyu, plau ya Brazili au Uturuki kwa yule. Beba kalipa, kile kipimo cha unene, upime pini kabla ya kununua.

Niko Uasin Gishu. Nimeambiwa trekta mpya haziwezi kutengenezwa bila laptop ya wakala. Ni kweli ama ni uoga tu? — Msomaji, Eldoret

Ni kweli kwa zile zenye injini ya komon reli (dizeli hukaa kwenye bomba moja la shinikizo kubwa, na kompyuta ndiyo huamua inyunyizwe lini) na gia za umeme, ambazo huwa ni za nguvu kubwa. Hitilafu inatoka kama msimbo (code), na baadhi ya vipuri vikibadilishwa lazima vitambulishwe kwa kompyuta ndipo vikubali kazi. Marekani jambo hili limefika mbali. Januari 2023 kampuni ya John Deere ilitia saini makubaliano na chama cha wakulima cha American Farm Bureau Federation kuhusu haki ya kujitengenezea, na Januari 2025 tume ya serikali ya biashara ikaishtaki kampuni hiyo mahakamani juu ya suala lilelile.

Nyingi zinazouzwa kwetu, kama MF 240 na 385, bado zina pampu ya dizeli ya kimakanika. Fundi mzuri mwenye spana na mashine ya kupimia nozeli anazimudu. Kwa hivyo uliza kabla ya kulipa: pampu ni ya makanika ama ni komon reli? Ikiwa ni komon reli, laptop iko tawi gani, na nani anajua kuitumia?

La pili ni dizeli. Nozeli ya AD3.152 hufunguka kwenye shinikizo la bar 180 hivi, komon reli inafanya kazi juu ya bar 1,000, na nafasi zake za ndani ni finyu mno. Tone la maji ambalo Massey ya mzee ilimeza na kukohoa, hii linaiua. Ukiweka dizeli kwenye pipa, liache litulie siku nzima, vuta kutoka juu, na sentimita kumi za chini usiziguse. Chujio la kutenga maji lifungue asubuhi kabla ya kuwasha, siyo jioni: usiku maji yanakuwa yameshatulia chini, na yatatoka yenyewe bila dizeli nyingi kumwagika.