Gukeng: Twende Lini, Tuanzie Wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninasoma nchini Taiwan, na mimi na wenzangu wawili tumekusudia kutembelea tarafa ya Gukeng, katika kaunti ya Yunlin, ambayo tumeambiwa ina misitu, mahekalu na miamba ya ajabu. Tuna siku mbili tu. Twende mwezi gani, tuanzie wapi, na hekaluni tufanye nini tusije tukawaudhi wenyeji?

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni na kijiji cha Caoling, na mkipe siku nzima. Tarehe 21 Septemba 1999, saa 7 na dakika 47 usiku, tetemeko kubwa liliitikisa Taiwan, na ubavu wa mlima wa Caoling ukaporomoka hadi bondeni, ukauziba Mto Qingshui na kufanya ziwa. Ziwa hilo halipo tena, kwa kuwa mvua za tufani za miaka iliyofuata zililijaza mchanga na mawe, lakini kovu la mlima lingalipo. Nawasihi msiishie kupiga picha. Tazameni namna matabaka ya mwamba yalivyoinama kuelekea mtoni, mawe mchanga yakiwa yamelalia tabaka laini la matope yaliyoganda. Ardhi ikitikisika, au maji yakipenya kwa wingi, lililo juu huteleza juu ya lililo chini. Maporomoko ya namna hiyo yalitokea pia mwaka 1941, baada ya tetemeko jingine, na ukingo wa udongo ulioziba mto wakati ule ulikuja kubomoka mwaka 1951 na kuua watu.

Ndiyo maana suala la mwezi nalitilia mkazo. Mvua za Mei na Juni, kisha tufani za Julai hadi Septemba, huilowesha miteremko hiyo na mara nyingine hufunga barabara. Nendeni kati ya Novemba na Februari, kukiwa kukavu, mkibeba nguo za baridi, na asubuhi ya safari muulize hali ya barabara kabla ya kupanda.

Siku ya pili nendeni Shibi, penye msitu wa mianzi, na mkishuka mwonje kahawa ya Gukeng, ambayo hulimwa kwenye vilima hivyo hivyo.

Hekaluni, ingieni kwa mlango ulio kuliani mwenu mnapolielekea hekalu, mtoke kwa ule wa upande wa pili, kwa sababu mlango wa katikati huachiwa miungu. Na kizingiti mkivuke, msikikanyage. Mkimkuta mama amepiga magoti akidondosha sakafuni vibao viwili vyekundu vyenye umbo la mwezi mwandamo, msipite mbele yake. Anauliza jambo lake, na kibao kimoja kikiangukia upande bapa, kingine upande wa mviringo, amekubaliwa. Subirini aviokote, ndipo mpite.